Mfalme aliyebakia na pafu moja

Hapa Makina, mfalme wa Uingereza hakuwa mtu wa mbali. Babu zetu Wanubi walikuwa askari wa keya, na Kibera waliipata kwa kazi hiyo. Leo namkumbuka George wa Sita, kwa sababu ya pafu lake.

Alizaliwa 1895, mtoto wa pili, mwenye kigugumizi, na kiti hakikuwa chake. Desemba 1924, kabla ya ufalme, alishuka Mombasa na mkewe wakaenda bara kuwinda. Mwaka 1936 kaka yake alikiacha kiti kwa ajili ya mwanamke, naye akakikalia. Vita vikaja, na sigara haikumtoka mkononi.

Septemba 1951 madaktari waligundua uvimbe katika pafu la kushoto. Uvimbe ukiziba njia ya hewa, sehemu iliyo mbele yake husinyaa kama pulizo lililotoka upepo. Tarehe 23, Clement Price Thomas alimpasua humo humo katika kasri la Buckingham, akaliondoa pafu zima. Zamani kazi hiyo ilikuwa kama kuua, maana kifua kikifunguliwa tu pafu hunywea. Mjerumani Sauerbruch alibuni chumba maalumu mwaka 1904 kuzuia hilo. Baadaye wataalamu wa usingizi wakawa wanapitisha mpira kooni na kusukuma hewa. Mfalme hakuambiwa kuwa ni saratani. Ajabu ni kwamba Price Thomas naye alikuwa mvutaji, na baadaye alipasuliwa kwa ugonjwa uo huo.

Hata anayepasuliwa tumbo, akilala chali kwa dawa ya usingizi, sehemu za chini za mapafu yake husinyaa. Ndiyo maana wauguzi humkalisha, wakamtaka avute pumzi ndefu na akohoe. Nimeona wodini jamaa wakigomba, eti mgonjwa aachwe apumzike. Jamani, mkalisheni! Na sigara aiache mapema, kabla ya siku ya upasuaji.

Mfalme alipona kidonda. Mwisho wa Januari 1952 alimsindikiza binti yake Elizabeth uwanja wa ndege, safari ya Kenya. Tarehe 5 Februari aliwinda sungura. Usiku huo damu iliganda moyoni, akafa usingizini na umri wa miaka 56. Elizabeth alikuwa Nyeri. Meli Gothic, iliyomngoja Mombasa, hakuipanda. Alirudi kwa ndege, malkia.