Andrew Taylor Still: Msiba wa wanawe ulimfanya aache dawa na kuamini mikono

MAPEMA mwaka wa 1864, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, homa ya uti wa mgongo ilibisha hodi nyumbani kwa tabibu mmoja mwenye umri wa miaka 35.

Tabibu huyo, Andrew Taylor Still, hakukaa kitako. Aliwaita madaktari wenzake, wakaja na kila dawa waliyoijua. Akawaita pia wahubiri, wakapiga magoti na kuomba. Haikusaidia. Watoto watatu waliolelewa katika nyumba hiyo walizikwa mmoja baada ya mwingine, na muda mfupi baadaye mtoto mchanga wa familia hiyo hiyo akaaga dunia kwa nimonia.

Still hakuwalaumu waliokuja kumsaidia. Aliamini kwamba kila mmoja wao alifanya kwa moyo safi yote aliyofundishwa. Kilichomkera ni mafunzo yenyewe. Ikiwa mganga amejizatiti kwa dawa zote za enzi yake na bado hawezi kuwaokoa wanawe, je, dawa hizo zina kazi gani?

Swali hilo halikumtoka moyoni kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini iliyosalia ya maisha yake. Jibu alilolitoa ndilo chimbuko la osteopathia, tiba ya kunyoosha mifupa, misuli na viungo kwa mikono, na kwa njia moja au nyingine ndilo lililozaa tiba nyingine nyingi za kuchua na kukanda mwili zilizoenea Ulaya na Marekani katika karne ya 20.

Still alizaliwa Agosti 6, 1828, katika wilaya ya Lee, jimbo la Virginia. Babaye, Abram Still, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na pia tabibu, mtu aliyepanda farasi kutoka kijiji hadi kijiji akibeba Biblia na mfuko wa dawa. Familia ilihamahama pamoja naye, kwanza hadi Tennessee, kisha Missouri, na hatimaye Kansas, ambako mzee huyo alihudumu katika misheni ya Wakarusa miongoni mwa Washawnee, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani.

Kuna kisa cha utotoni ambacho Still alipenda kukisimulia uzeeni. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Alichukua kamba aliyokuwa akiitumia kama bembea, akaifunga kati ya miti miwili karibu na ardhi, akaitandika blanketi na kulaza shingo yake juu yake. Usingizi ulimchukua, na alipoamka kichwa kilikuwa kimetulia. Baadaye alikiona kisa hicho kuwa somo lake la kwanza la tiba.

Udaktari aliufunza kwa kumfuata babaye, kama ilivyokuwa desturi katika maeneo ya mpakani yaliyokuwa mbali na vyuo. Tiba ya siku hizo ilikuwa ya kutisha. Wagonjwa walinyweshwa kalomeli, dawa iliyokuwa na zebaki, hadi meno yakalegea na kung'oka. Walitolewa damu, wakapewa dawa za kuwaharisha na kuwatapisha, wakatulizwa kwa kasumba na pombe kali. Wengi walitoka kitandani wakiwa watumwa wa kileo kilichodaiwa kuwatibu.

Alipokuwa Wakarusa, Still alianza kuchunguza mifupa ya binadamu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba aliipata kwa kufukua makaburi ya Washawnee. Hili ni doa katika maisha yake ambalo halifai kufunikwa: elimu iliyompa sifa ilianza kwa kuvunja heshima ya wafu ambao jamaa zao hawakuulizwa neno.

Hakuwa mtu wa kujitenga na mambo ya umma. Mnamo 1857 alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la eneo la Kansas, wakati eneo hilo likivuja damu kwa mzozo wa iwapo utumwa ungeruhusiwa. Still na babaye walisimama upande wa waliopinga utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, na Oktoba 1864, miezi michache baada ya kuwazika wanawe, alikuwa miongoni mwa wanamgambo wa Kansas waliopigana katika vita vya Westport.

Aliporudi nyumbani, imani yake katika dawa ilikuwa imekufa. Aliirudia mifupa kwa kiu mpya. Aliigusa, akaipanga na kuipangua hadi akaweza kuutambua mfupa wowote kwa vidole bila kuutazama. Kwa takriban miaka kumi aliishi na fikra moja tu, huku jamaa na majirani wakimtazama kwa wasiwasi.

Fikra yenyewe ilikuwa hivi. Mwili, kwa maoni yake, ni mtambo uliotengenezwa na Mungu, na Mungu hakosei kazi yake. Ndani ya mtambo huo mna kila dawa inayohitajika, mradi damu itiririke bila kizuizi na mishipa ya fahamu isibanwe. Pingili ya uti wa mgongo ikisogea, au msuli ukikaza, njia hufungwa na maradhi huingia. Kazi ya tabibu ni kupapasa hadi apate palipofungana, apafungue kwa mikono, kisha auache mwili ujitibu.

Mnamo Juni 22, 1874, Still aliamua kwamba wakati wa kuitangaza fikra hiyo umewadia. Tarehe hiyo aliiadhimisha maishani mwake kama siku ya kuzaliwa kwa osteopathia.

Walimwengu hawakumpokea kwa mikono miwili. Aliomba nafasi ya kuyaeleza mawazo yake katika Chuo Kikuu cha Baker mjini Baldwin, chuo ambacho familia yake ilikuwa imesaidia kukianzisha. Alifungiwa mlango. Baadhi ya watu wa dini waliona ni kufuru kwa binadamu kudai kuponya kwa kuwekea wagonjwa mikono. Kweli, nabii hana heshima kwao.

Alifunga virago na kuhamia Missouri. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipokuwa mjini Macon alimwona mama maskini akitembea na wanawe, mmoja wao akiharisha damu iliyodondoka njiani. Still alimchukua mtoto huyo, akampapasa. Mgongo ulikuwa wa moto ilhali tumbo lilikuwa baridi. Aliukanda na kuunyoosha uti wa mgongo pale pale barabarani, na kesho yake mama akaja na habari kwamba mtoto amepata nafuu. Wengine wakaanza kuletewa.

Msomaji wa leo ana haki ya kusita hapa. Watoto wengi wanaohara damu hupona wenyewe, na hakuna aliyewahesabu wale ambao hawakupona. Hata hivyo, jambo moja ni wazi: mtoto huyo hakunyweshwa zebaki. Katika enzi ambapo dawa yenyewe iliweza kuua, tabibu aliyegusa kwa upole na kuacha sumu kando alikuwa tayari amempa mgonjwa wake nafasi njema zaidi ya kuishi.

Mwaka wa 1875 alikita makao katika mji mdogo wa Kirksville. Kwa miaka mingi alizunguka vijijini akiunga mifupa na kunyoosha migongo, suruali ameichomeka ndani ya buti na fimbo mkononi, akionekana zaidi kama mkulima kuliko daktari. Fedha zilikuwa haba. Lakini viwete walioondoka kwake wakitembea walikuwa tangazo tosha, na ilipofika miaka ya 1890 garimoshi zilikuwa zikishusha wagonjwa Kirksville kila siku. Hoteli zilijengwa kuwapokea, na mnamo 1895 Still akafungua hospitali.

Tayari mwaka wa 1892 alikuwa amefungua Chuo cha Osteopathia cha Marekani, katika kibanda cha mbao chenye vyumba viwili ambacho kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini humo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa zaidi kidogo ya 20, baadhi yao wakiwa wanawe mwenyewe. Somo la anatomia lilifundishwa na William Smith, daktari Mskoti aliyesomea Edinburgh.

Wanawake walikubaliwa tangu siku ya kwanza, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati huo vilikuwa vikilikataa. Aidha, Still alikataa kuwapa wahitimu shahada ya kawaida ya udaktari. Alitaka wabebe jina lao wenyewe, madaktari wa osteopathia, ili kila mtu ajue kwamba wametoka katika njia tofauti.

Vita vilihamia mabungeni. Mnamo 1895 bunge la Missouri lilipitisha mswada wa kuitambua tiba hiyo, lakini gavana akaukataa. Vermont ikatangulia kuipa kibali mnamo 1896, na Missouri ikafuata mwaka mmoja baadaye. Jimbo la New York lilipojadili suala hilo mnamo 1901, mwandishi maarufu Mark Twain alifika Albany kuitetea haki ya mgonjwa ya kujichagulia tabibu.

Ni vigumu kumsifu Still bila kutaja alipopotoka. Uchungu uliomfumbua macho kuhusu kalomeli ulimziba macho kuhusu mengine. Alipinga karibu kila dawa, nzuri na mbaya. Alipinga hata chanjo ya ndui, ugonjwa ambao chanjo hiyo hiyo iliufuta duniani kufikia mwaka wa 1980. Homa ya uti wa mgongo iliyowaua wanawe haikutibika kwa mikono yake wala ya mwingine yeyote. Kilichokuja kuwaokoa watoto wa wengine ni viuavijasumu na chanjo, vitu ambavyo mafundisho yake hayakuviachia nafasi.

Haikuwa kwamba alikataa kila jambo jipya. Aliukubali upasuaji panapokuwa hapana budi, na hospitali yake ilipata mashine ya eksirei kabla ya karne ya 19 kwisha. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Still aliutupa mkeka wote kwa sababu ya kunguni waliokuwamo.

Alifariki mjini Kirksville Desemba 12, 1917, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka huo huo mwanafunzi wake, John Martin Littlejohn, alianzisha chuo cha osteopathia jijini London.

Mbegu yake ilimea kwa namna ambazo hakuzitarajia. Mnamo 1895, D.D. Palmer wa Davenport, Iowa, alianzisha tiba ya kairopraktiki, na wafuasi wa Still wakadai kwamba ameiba wazo la mzee wao. William Garner Sutherland, aliyehitimu Kirksville mnamo 1900, alianzisha tiba ya kugusa fuvu la kichwa kwa wepesi, ambayo madai yake mengi hayajathibitishwa na sayansi. Naye Ida Rolf, mwanakemia wa New York, alijifunza kwa waosteopathia kabla ya kubuni ukandaji wake wa kina, ambao wafuasi wake waliamini hufungua pia huzuni na hofu zilizojificha mwilini.

Ndani ya Marekani kwenyewe, madaktari wa osteopathia walifanya lile ambalo mwasisi wao asingelikubali. Hatua kwa hatua walirudisha dawa, chanjo na maabara katika mafunzo yao, huku wakiendelea kufundisha kazi ya mikono. Kufikia 1973 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yamewapa kibali kamili cha udaktari. Leo hii idadi yao imepita 100,000, na miongoni mwao ni Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Rais Joe Biden katika Ikulu ya White House.

Sayansi nayo imetoa hukumu ya wastani. Mikono haiponyi homa wala kuhara damu. Lakini kwa maumivu ya mgongo, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kilipendekeza mnamo 2017 kwamba ukandaji na unyooshaji wa uti wa mgongo ni miongoni mwa hatua za kujaribiwa kabla ya vidonge. Zebaki haimo katika mapendekezo hayo.

Hilo halitawashangaza wengi wetu. Mama aliyekandwa baada ya kujifungua, au mchezaji aliyechuliwa kifundo kilichoteguka, anajua kwamba mkono wa mtu mwenye subira hutuliza zaidi ya mwili pekee. Still hakuuvumbua ujuzi huo, kwani waunga mifupa walikuwako tangu zamani duniani kote. Alichofanya ni kuupeleka darasani na kudai kwamba anayeugusa mwili sharti kwanza aujue mfupa kwa mfupa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mikono bila dawa haingewaokoa watoto wa Still, na dawa za siku zake bila maarifa hazikuwaokoa pia. Ilimbidi mzazi mmoja apoteze wanawe ili aulize swali ambalo wenzake waliogopa kuliuliza, na ikawabidi waliomfuata wawe na ujasiri wa kulijibu vizuri kuliko yeye.