Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mtu wa Uso Mmoja

Yosefu Mukasa Balikuddembe aliingia katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda angali kijana. Aliyetaka kuishi sana katika jumba lile alijifunza kusema lile tu ambalo mfalme alipenda kulisikia. Mukasa hakujifunza elimu hiyo. Aliyafuata mafundisho ya Mapadri Weupe, waliofika Buganda mwaka 1879, na tarehe 30 Aprili 1882 Padri Lourdel akambatiza.

Mwaka ule ule mapadri walilazimika kuondoka, wakavuka ziwa hadi Bukumbi. Kama imani ya Mukasa ingalikuwa ya kuonwa na mapadri tu, ingalikoma siku ile mitumbwi yao ilipotoweka machoni. Bali yeye ndiye aliyewakusanya waamini na kuwafundisha, hata mapadri waliporudi mwaka 1885.

Mutesa alikuwa amefariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Huyo alimweka Mukasa juu ya vijana wa nyumba yake. Hapo jaribu likamjia, maana cheo hufunga vinywa vingi kuliko minyororo. Mwanga alitaka kuwatumia vijana hao kwa uchafu; Mukasa akawakinga. Tena, mwezi Oktoba 1885, Hannington, Askofu wa Waanglikana, alipouawa Busoga kwa amri ya mfalme, Mukasa hakusema kwamba marehemu si wa dini yake. Alimwonya Mwanga ana kwa ana kuwa amefanya kosa ambalo baba yake hakulifanya.

Kwa hayo akahukumiwa kufa. Tarehe 15 Novemba 1885, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, alipelekwa Nakivubo. Alikataa kufungwa kamba, akisema kwamba Mkristo anayetoa uhai wake kwa ajili ya Mungu haogopi kifo. Akamwagiza mwuaji amwambie mfalme kwamba amemsamehe, lakini atubu. Mnafiki angalisamehe bila kuonya. Mwenye chuki angalionya bila kusamehe. Akakatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto. Lakini hofu haikushinda: wakatekumeni walikimbilia misioni kuomba ubatizo, na miongoni mwao alikuwamo Karoli Lwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu, wao na wenzao, jumla 22.

Urithi huu si mgeni kwa Bukoba na Muleba. Mwaka 1892 vita vya Buganda vilimleta Askofu Hirth pamoja na Wakristo Waganda hadi Kashozi, ikaanza misioni ya kwanza ya Buhaya. Katika shamba hilo alichipuka Laurean Rugambwa, mtoto wa Muleba, aliyefanywa Kardinali mwaka 1960.

Je, sisi warithi tunaishije? Jumapili twapokea Komunyo Takatifu. Mtoto akiugua twapita migombani usiku kwenda kwa mpiga ramli, tukimficha padri kana kwamba Mungu naye halali macho wazi. Kazini twaona mnyonge akidhulumiwa, twanyamaza tusipoteze mkate. Unafiki huo ni mtoto wa hofu, nao hautoki kwa kukemewa tu. Hutoka mtu anapomwogopa Mungu kuliko jirani, mkubwa na mchawi. Enyi wazazi, watoto wenu huiga yale mnayotenda gizani. Basi, mwombeni Mtakatifu Yosefu Mukasa, nyumba zenu ziwe na uso mmoja, mchana na usiku.