Mtangazaji aliyesema Ukuta wa Berlin uko wazi kabla haujafunguliwa

Leo ukiwa Litumbandyosi, simu ikishika mtandao, habari ya Berlin inakufikia kabla ugali haujaiva. Mwaka 1989 mambo yalikuwa tofauti. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Habari za dunia zilikuja kwa redio: Redio Tanzania Dar es Salaam, au Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ambayo ilikuwa hewani tangu 1963.

Kwa hiyo wengi wetu tulisikia kwamba Ukuta wa Berlin umeanguka, lakini hatukumjua mtu aliyewatangazia Wajerumani habari hiyo usiku ule. Jina lake Hanns Joachim Friedrichs.

Alizaliwa Machi 15, 1927 katika mji wa Hamm, magharibi mwa Ujerumani. Ujana wake uliangukia kwenye utawala wa Hitler na vita, miaka ambayo redio ya serikali ilikuwa chombo cha propaganda. Vita ilipokwisha, akiwa bado kijana, alikwenda London kufanya kazi katika idhaa ya Kijerumani ya BBC. Huko ndiko alikojifunza kusoma habari kwa utulivu, bila kupaza sauti na bila kumwambia msikilizaji alie au acheke.

Aliporudi kwao alipanda ngazi taratibu. Aliingia kituo cha televisheni cha ZDF, akasoma habari, kisha akapelekwa Marekani kama mwandishi. Aliripoti pia vita ya Vietnam. Na msidhani alikuwa mtu wa siasa tu: aliongoza pia kipindi kikubwa cha michezo cha Jumamosi usiku, mashabiki wa mpira wakamzoea.

Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 58, alihamia ARD kuongoza Tagesthemen, taarifa ya habari ya usiku. Nywele zimeanza mvi, suti safi, sauti ya chini. Watu walimwamini.

Halafu ikafika Novemba 9, 1989.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa nchi mbili, na Berlin ilikuwa imekatwa kwa ukuta tangu 1961. Jioni hiyo kiongozi mmoja wa Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, alikutana na waandishi wa habari. Alisoma karatasi iliyosema wananchi wataruhusiwa kusafiri. Alipoulizwa kuanzia lini, akapekua karatasi zake, akajibu kuwa ni mara moja. Kumbe mpango ulikuwa watu waanze kuomba vibali kesho yake, kwa utaratibu. Askari wa mpakani hawakuwa na taarifa yoyote.

Usiku huo kulikuwa na mechi ya mpira, hivyo Tagesthemen ikachelewa. Saa 4:42 usiku Friedrichs akatokea. Akawaeleza watazamaji kuwa siku hii ni ya kihistoria, kwamba Ujerumani Mashariki imefungua mipaka yake kwa wote, na kwamba mageti ya ukuta yako wazi kabisa.

Tatizo ni kwamba hayakuwa wazi. Mwandishi wake alipoonyeshwa moja kwa moja kutoka mpakani, nyuma yake palikuwa pamefungwa na kimya.

Lakini watu wa Berlin Mashariki walikuwa wanatazama televisheni ya magharibi kila siku, hata kama serikali yao haikupenda. Wengine walikuwa wameshaanza kwenda mpakani tangu jioni. Sasa waliokuwa bado nyumbani wamesikia kwa mtu asiyejulikana kwa porojo kwamba njia ni nyeupe. Wakavaa makoti wakatoka. Kwenye geti la Bornholmer Straße umati ukawa mkubwa mno. Kwenye saa tano na nusu usiku, ofisa wa zamu, Harald Jäger, akaamua kufungua. Hakuna risasi iliyopigwa.

Habari ilitangulia, ukweli ukafuata nyuma. Bahati ilikuwa upande wa watu. Kama askari mmoja tu angeogopa akafyatua bunduki, tungekuwa tunasimulia kisa kingine kabisa. Kwa mtu aliyesifika kwa uangalifu wake, hiyo ndiyo sentensi anayokumbukwa nayo zaidi.

Friedrichs aliondoka Tagesthemen mwaka 1991. Saratani ikamshika. Muda mfupi kabla ya kufa alifanya mahojiano, akaeleza msimamo wake: mwanahabari akae mbali kidogo na kila jambo, asijiunge na upande wowote, hata ule anaouona mwema. Alifariki Hamburg Machi 28, 1995. Mwaka huohuo wenzake wakaanzisha tuzo ya uandishi wa habari yenye jina lake, na hadi leo wanahabari wa Ujerumani wanabishana kuhusu maneno yake yale.

Sisi tunaosambaza habari kwa kidole gumba tuna jambo la kuchukua hapo. Mkulima wa kahawa wa Mbinga akisoma kuwa bei imepanda, anaweza kupakia magunia alfajiri. Mvuvi wa Mbamba Bay akisoma kuwa ziwa limetulia, anaweza kusukuma mtumbwi. Habari huwatoa watu nyumbani. Kabla hujaituma, hakikisha geti kweli liko wazi.