Samuel Morse: Mchoraji Kabla ya Telegrafu

Huenda umelikutia jina la Morse katika somo la fizikia au la historia, pale vitabu vinapoeleza jinsi nukta na vistari vilivyopeleka habari kwa waya. Ukiulizwa alifanya kazi gani, usikimbilie kuandika kwamba alikuwa mhandisi. Kwa takriban miaka 25 Samuel Morse alikuwa mchoraji, na kwa sanaa hiyo ndiyo alitaka kujulikana.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1791 mjini Charlestown, jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake, Jedidiah, alikuwa mchungaji na mwandishi wa vitabu vya jiografia vilivyosomwa sana shuleni. Samuel alihitimu Chuo cha Yale mwaka 1810, na mwaka uliofuata akaenda London kusomea uchoraji.

Aliporudi kwao mwaka 1815 alikuwa na hamu ya kuchora picha kubwa za matukio ya historia. Wateja hawakuzitaka. Walichotaka ni sura zao wenyewe zitundikwe sebuleni, maana kumbuka kwamba kamera ilikuwa bado. Ikambidi Morse azunguke miji ya New Hampshire akichora sura za watu kwa dola 15 hivi kila moja. Katika mizunguko hiyo alikutana na Lucretia Walker, wakaoana mwaka 1818. Mwaka 1822 alimaliza picha ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, yenye watu zaidi ya 80. Aliitembeza mijini kwa kiingilio, lakini watazamaji wakawa wachache, akaambulia hasara.

Mwanzoni mwa 1825 bahati ilionekana kumwangukia. Jiji la New York lilimpa kazi ya kumchora Lafayette, jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani katika vita vya uhuru na ambaye wakati huo alikuwa akiwazuru. Morse akaenda Washington. Mkewe alibaki New Haven, umbali wa kilomita 480 hivi, akiwa amejifungua mtoto wao wa tatu. Tarehe 7 Februari Lucretia alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 25. Barua ilisafirishwa kwa magari ya farasi. Siku hizo zote Morse aliendelea na kazi yake na kumwandikia mkewe habari za jenerali, asijue kwamba anamwandikia marehemu. Barua ya baba yake ilipomfikia aliacha brashi na kuanza safari, lakini alipofika New Haven mazishi yalikuwa yameshapita. Baadaye alirudi kuimalizia picha ile.

Hapa uwe mwangalifu unapojibu swali. Wengi hupenda kusema kwamba telegrafu ilibuniwa kwa sababu ya msiba huo. Huzuni yake ni kweli, lakini wazo la telegrafu lilimjia mwaka 1832, miaka saba baadaye, alipokuwa melini akirudi kutoka Ulaya na kusikia abiria wakizungumza kuhusu umeme na sumaku. Hata baada ya hapo hakuacha kuchora. Alikuwa amerudi na turubai kubwa inayoonyesha chumba cha makumbusho ya Louvre, Paris, na ndani yake alikuwa amenakili kwa udogo picha 38 za mabingwa wa zamani. Aliiuza kwa bei ya hasara. Mwaka 1982 picha hiyohiyo ilinunuliwa kwa dola milioni 3.25.

Mwaka 1837 alinyimwa kazi ya kuchora ukutani katika jengo la Bunge mjini Washington, akavunjika moyo, na muda si mrefu akaachana na uchoraji. Mtambo wake wa kwanza wa telegrafu aliujengea juu ya fremu ya mbao, ile ambayo wachoraji huwambia turubai. Kwa msaada wa Leonard Gale na Alfred Vail aliuboresha, na mwaka 1843 Bunge likatoa dola 30,000. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ulitoka Washington ukafika Baltimore papo hapo.

Usimchore kama malaika. Morse aliandika akitetea utumwa, na aliwapinga wahamiaji wa Kikatoliki waliokuwa wakiingia Marekani. Alifariki New York tarehe 2 Aprili 1872, akiwa tajiri.

Picha ya Lafayette bado imo katika jengo la halmashauri ya jiji la New York. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, jijini humo, imo nyingine aliyoichora kati ya 1836 na 1837, mojawapo ya zile za mwisho. Ni ya binti yake Susan, aliyekuwa na umri wa miaka mitano mama yake alipofariki. Ameketi, penseli mkononi, kitabu cha kuchorea mapajani, macho ameyainua juu.