Habari za Daktari Semmelweis na Homa ya Uzazi

Safari hii twataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake ni gumu kulitamka, lakini kazi yake yawafaa wazazi wa nchi zote. Ndiye Ignaz Semmelweis. Alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria, na baba yake alikuwa mfanya biashara. Alikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, ajifunze sheria, lakini akaiacha akashika masomo ya udaktari, akayamaliza mwaka 1844.

Mwaka 1846 akawa msaidizi wa daktari mkuu katika hospitali kubwa ya Vienna, upande wa wazazi. Upande huo ulikuwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, katika ya pili wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, leo huku, kesho kule, wala hawakuchaguliwa kwa nguvu au udhaifu wao. Walakini mwaka ule katika sehemu ya kwanza walikufa wanawake 459 miongoni mwa 4,010 waliojifungua, na katika ya pili 105 miongoni mwa 3,754. Kilichowaua hasa ni homa ya uzazi. Habari hii ilikuwa imeenea mjini, hata wanawake walipiga magoti na kulia wasiingizwe sehemu ya kwanza. Tena wale waliojifungua njiani kabla ya kufika hawakushikwa sana na homa kama wale waliozalishwa ndani.

Semmelweis hakupata raha. Alichunguza hewa, chakula, hata namna ya kuwalaza. Aliona ya kuwa padre akienda kumpa sakramenti mwanamke anayekufa, hupita katika vyumba vitano vya wazazi, na mtumishi mbele yake akipiga kengele. Labda hofu ya kengele ile ndiyo iletayo ugonjwa? Akamwomba padre apite njia nyingine bila kengele. Padre akakubali, na homa haikupungua. Sisi wachungaji twampenda mtu huyu kwa jambo hili, maana hakumtia padre hatiani kwa kudhani tu, bali alijaribu kwanza.

Mwezi wa Machi mwaka 1847 akafa rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka. Alikuwa akipasua maiti pamoja na wanafunzi, na mmoja wao akamchoma kidole kwa kisu. Semmelweis aliposoma habari za maiti ya rafiki yake, aliona ya kuwa ugonjwa uliomwua ni ule ule wa wazazi. Ndipo macho yake yalipofumbuka. Madaktari na wanafunzi, naye mwenyewe pamoja nao, walipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda kuwapima wazazi kwa mikono ile ile. Walinawa kwa sabuni, ndiyo, lakini harufu ya maiti ilibaki vidoleni. Wakunga hawakupasua maiti.

Basi katikati ya Mei aliagiza kila aingiaye anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini, namna ya dawa itumiwayo kusafisha visima. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi wa Julai alikufa kama mmoja tu.

Lakini somo halikuisha. Mwezi wa Oktoba akalazwa mwanamke mwenye kansa ya kizazi, naye alipimwa wa kwanza kila siku. Waliompima walikuwa wamenawa dawa mlangoni. Baada yake walinawa kwa sabuni tu, wakaendelea na wengine. Wazazi 12 walijifungua pamoja naye, 11 wakafa. Hapo Semmelweis akajua ya kuwa uchafu hautoki kwa maiti peke yake, hata kwa mgonjwa aliye hai. Akaamuru kunawa dawa baina ya mgonjwa na mgonjwa. Mwaka 1848 walikufa 45 tu miongoni mwa 3,556.

Je, wakubwa walifurahi? Wengi walikataa, kwa kuwa kukubali kulikuwa ni kukiri ya kuwa mikono yao wenyewe ilikuwa imeua. Yeye alikiri, akaandika ya kuwa Mungu peke yake ajua hesabu ya wale aliowapeleka kaburini. Mwaka 1849 hakuongezewa muda wa kazi, na mwaka 1850 akarudi Hungaria. Huko Pest, katika hospitali ya Mtakatifu Rochus, alizidi kuwaokoa wazazi. Na baadaye katika hospitali ya chuo kikuu alipigana na shuka zisizofuliwa vema, maana aliona ya kuwa nazo pia zachukua ugonjwa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kwa kuchelewa mno. Kisha akawaandikia wapinzani wake barua kali, akiwaita wauaji, na kwa maoni yetu barua hizo zilimpotezea hata wale waliokuwa karibu kumsikia. Mwaka 1865 akili yake ilikuwa imeharibika, akapelekwa katika nyumba ya wenye wazimu huko Vienna. Yaonekana alipigwa na walinzi. Kidonda kikaoza, sumu ikaingia katika damu, akafa tarehe 13 Agosti, umri wake miaka 47. Siku moja kabla yake, katika mji wa Glasgow, Daktari Lister alitia dawa ya kaboliki katika kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu, akapona. Mwaka 1879, mjini Paris, Pasteur aliwachorea madaktari ubaoni vijidudu vya homa ya uzazi, vimefuatana kama shanga katika uzi.