Ibn al-Haytham: aliyefunika taa moja moja apate kuona

Ndugu Waislamu, kila tunapojivunia wanasayansi wetu wa zamani humtaja Ibn al-Haytham. Jina tunalijua, kazi yake hatuijui. Ndiyo maana vijana wetu wanaikimbia fizikia wakidhani ni elimu ya wengine.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965 Miladia. Sifa zake zilifika Misri, na Khalifa al-Hakim wa ukoo wa Fatimiya akamtaka adhibiti maji ya mto Nile. Alipofika upande wa Aswan akaona kazi haiwezekani. Wanahistoria husimulia kwamba kwa kuogopa ghadhabu ya mtawala alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi jirani na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu. Alifariki karibu mwaka 1040.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kina juzuu saba. Wagiriki kama Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye hakukubali kwa sababu tu wakubwa wamesema. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani. Akifunika taa moja, doa lake tu hutoweka, mengine hubaki. Akathibitisha kuwa mianga hupita tunduni kwa mstari ulionyooka bila kuchanganyika. Na kuhusu jicho alifundisha kwamba tunaona kwa nuru inayoingia, si inayotoka.

Jaribio hilo halihitaji maabara ya mamilioni. Hata huku Kigonsera, Mbinga, kijana anaweza kulifanya usiku huu kwa mishumaa mitatu na ubao uliotobolewa.

Sasa tazama yanayofanyika zama zetu. Hadubini ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 5,000. Mianga yao huungana ikawa doa moja. Mwaka 2002 wanasayansi wa Marekani walichukua protini ya kung'aa itokanayo na yavuyavu wa baharini, wakaibadili ili ing'ae sawasawa pale tu inapopigwa kwanza mwanga wa zambarau. Mwaka 2006 Eric Betzig na wenzake walizitumia protini za namna hiyo: wakawasha chache ndani ya seli, wakapima mahali pa kila moja, wakasubiri zizime, wakawasha nyingine. Picha maelfu zilipojumlishwa, vikaonekana vitu vya makumi machache ya nanomita. Mwaka 2014 Betzig alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sisemi kwamba Betzig alinakili kwa Ibn al-Haytham. Nasema hekima ni ileile: taa zote zikiwaka pamoja hujui nuru ipi imetoka wapi, zitenganishe, utajua.

Ibn al-Haytham aliandika pia kitabu kizima cha kuonyesha walakini katika maandishi ya Ptolemy. Mtu wa namna hiyo hatumheshimu kwa kumtaja mihadharani halafu tukawaacha watoto wakariri bila kuuliza. Madrasa zetu zina giza la usiku, zina ukuta, na mshumaa haukosekani. Walimu, tuanze na hapo. Na wewe mzazi, mwanao akitaka kuacha fizikia, muulize kwanza kama amewahi kuonyeshwa jaribio hata moja.