JANE ADDAMS, MAMA WA MTAA

Jane Addams alizaliwa mwaka wa 1860 huko Illinois, Marekani. Babake alikuwa tajiri, lakini yeye hakutaka kukaa tu raha mustarehe. Mwaka wa 1889, yeye na rafikiye Ellen Gates Starr walihamia mtaa wa maskini mjini Chicago, wakafungua Hull House. Hapo watoto walitunzwa mama zao wakiwa kazini, na vijana wakapata masomo na michezo.

Lakini taka zilijaa vichochoroni, watoto wakaugua. Basi mwaka wa 1895 akawa mkaguzi wa taka, akiamka alfajiri kuifuata mikokoteni! Alitunukiwa Nobeli ya Amani mwaka wa 1931, akafariki 1935.

Wanachama wenzangu, mbona sisi twaona haya kushika ufagio?